Wapigaji Wawili, Tendo Moja? Haki ya Kugusa Chombo katika Muziki wa Kora na Gitaa

Swali linalochunguzwa katika makala haya lilizuka katika semina ya uzamili tulipokuwa tukisoma Sundiata, masimulizi ya Wamande yaliyochapishwa na D. T. Niane mwaka 1960. Tulikuwa tumefikia pale ambapo Balla Fasséké, jeli wa Sundiata, anajipenyeza katika chumba cha siri cha mfalme Soumaoro, analikuta balafoni ambalo mfalme peke yake ndiye aliyeruhusiwa kulipiga, naye anaketi na kulipiga. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Je, huu si wizi?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Sisi wahakiki huipita sehemu hii mbio tukikimbilia vita vya Krina, na tukitua hapo ni kwa kutaja tu kwamba jeli ni fanani hodari.

Tuliloulizwa lilikuwa swali la maadili wala si la fani. Ni nani mwenye haki ya kugusa chombo cha muziki ambacho si chake? Na akikigusa, je, anatenda tendo lilelile alitendalo mwenyewe, hata kama masikio hayawezi kuzitofautisha sauti? Kulijibu swali hili kwa kitabu peke yake ni vigumu, kwani Sundiata tunayoifundisha ni maneno yaliyotengwa na nyuzi zilizoyabeba. Kwa hiyo tutatoka kitabuni na kuingia katika muziki wenyewe, hususan ule wa kora na gitaa unaopigwa na watu wawili. Mfano wetu mkuu ni albamu ya In the Heart of the Moon, ambayo Ali Farka Touré na Toumani Diabaté waliirekodi mjini Bamako na ikatolewa mwaka 2005.

Kabla ya kusikiliza, hatuna budi kujua wasikilizwao ni akina nani. Katika jamii za Wamande watu waligawanywa kwa uzawa. Horon, yaani waliozaliwa huru, walikuwa wakulima, wapiganaji na watawala. Nyamakala walikuwa mafundi wa kuzaliwa: wahunzi, wafanyakazi wa ngozi, na majeli, ambao kazi yao ni neno na sauti. Jeli alihifadhi nasaba ya horon, alimsifu mbele za watu, alipatanisha magomvi yake na kumsemea penye posa. Horon naye alimtunza kwa zawadi. Kwa desturi hawakuoana. Koo za Kouyaté, Diabaté na Sissoko hutambuliwa kuwa za majeli hadi leo. Jeli huheshimiwa kwa kile anachokijua na huogopwa kwa kile anachoweza kukisema, na papo hapo hudharauliwa kwa kuwa huishi kwa mkono wa mwingine. Horon naye, akishika chombo cha muziki, alihesabiwa kuwa amejishusha. Salif Keita, ambaye jina la ukoo wake ni lile la Sundiata mwenyewe, aliingia katika muziki dhidi ya matakwa ya jamaa zake.

Neno la Kiswahili linalokaribia zaidi horon ni muungwana, nalo lina historia yake. Hapo kale katika miji ya pwani lilimtaja mtu asiye mtumwa, mwenye nasaba inayojulikana. Leo linamtaja mwenye adabu, na msemo wetu kwamba muungwana ni vitendo umelihamisha kutoka kwenye damu hadi kwenye mwenendo. Mtu angeweza kudhani kwamba lugha yetu imekwisha kuamua jambo ambalo Mande bado inalijadili. Tusijipongeze upesi. Neno huweza kubadili maana muda mrefu kabla ya watu kubadili nyumba wanazoposa.

Sasa tuitazame kora. Ni nusu ya kibuyu kikubwa iliyowambwa ngozi ya ng'ombe, yenye shingo ndefu ya mti na nyuzi 21: 11 upande wa kushoto na 10 upande wa kulia. Nyuzi hizo zamani zilikuwa za ngozi iliyosokotwa; siku hizi ni za nailoni kama ile ya mishipi ya wavuvi. Mpigaji hutumia vidole vinne tu, vya gumba viwili na vya shahada viwili. Wamandinka wana maneno mahususi ya kueleza kinachofanyika. Kumbengo ni mzunguko wa msingi, unaorudiwa tena na tena, ambao ndio utambulisho wa kipande chenyewe. Birimintingo ni mbio za sauti zinazobuniwa papo kwa papo, zikichipuka kutoka katika kumbengo na kurudi humo humo. Mwanagenzi hufunzwa kumbengo kwanza. Hata kabla ya hapo huenda akawekwa nyuma ya kibuyu cha mwalimu ili agonge mapigo tu, asiyumbishwe na chochote kinachopita juu yake.

Jambo lenye uzito katika hoja yetu ni hili: kora haihitaji mtu wa pili. Toumani Diabaté alisifika kwa kuzichukua kazi zote kwa wakati mmoja, sauti nzito, kumbengo na birimintingo, na albamu yake ya kwanza, Kaira, iliyotoka mwaka 1988, ni kora moja na mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Asiyejua huuliza yuko wapi mpigaji mwingine. Kwa hiyo mpigaji wa kora anapomkaribisha mpigaji wa gitaa, hajazi upungufu wowote. Anaachilia kitu alichokuwa nacho, yaani nusu ya kazi ya vidole vyake, na kukiweka katika mikono ya mwingine. Wahakiki wengi wa muziki huu huandika juu ya "kukutana" na "mazungumzo" kana kwamba pande zote mbili zimekuja zikiwa na njaa. Mmoja wao hakuwa na njaa.

Toumani alizaliwa Bamako mwaka 1965 na kufariki mwaka 2024. Alizoea kusema kwamba yeye ni kizazi cha 71 cha wapigaji kora katika nyumba yao, mtoto baada ya baba. Hesabu hiyo si ya kukaguliwa kwa vyeti. Ni tamko la haki. Hata hivyo, alisema pia kwamba baba yake, Sidiki Diabaté, hakumkalisha chini kumfundisha, bali alijifunza kwa kusikiliza. Na jamaa hiyo ilifika Mali ikitoka Gambia, maana kora ni chombo cha magharibi ya mbali ya Mande, katika nchi za Gambia, Casamance na Guinea-Bissau, kabla ya kuwa fahari ya Bamako. Kwa maneno mengine, hata huyu aliye ndani ya nyumba, alipata kwa sikio kile alichodai kwa damu, katika mji ambao chombo chenyewe kilikuwa mgeni.

Ali Farka Touré alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa mwaka 1939 na kukulia Niafunké, kando ya mto Niger, katika jamaa yenye heshima zake miongoni mwa Wasonghai. Kwa usahihi, hakuwa horon wa Mande. Lakini mpaka ulikuwa uleule, kwamba muziki haukuwa kazi ya watu wa nyumba yake, nao hawakufurahi alipoushika. Alianza na gurkel, chombo cha uzi mmoja kinachohusishwa na majini wa mtoni. Mwaka 1956 alimwona Keita Fodéba wa Guinea akipiga gitaa, akaanza kuhamishia katika chombo hicho cha kigeni yale ambayo vidole vyake vilikuwa vikiyajua. Tangu mwaka 1970 alifanya kazi Redio Mali mjini Bamako kama fundi wa sauti kwa takriban miaka kumi. Fundi wa sauti husikiliza kwa mshahara. Si vigumu kukisia ni kiasi gani cha muziki wa majeli kilichopita masikioni mwake katika miaka hiyo, naye hakuwa jeli. Baada ya sifa kumfikia duniani aliendelea kujiita mkulima, na mwaka 2004 akawa meya wa Niafunké.

Hawa ndio waliokaa pamoja katika Hoteli Mandé, ukingoni mwa mto, na kurekodi kwa vikao vichache pasipo mazoezi. Sehemu kubwa ya albamu haina uimbaji. Baadhi ya vipande ni vya kaskazini, vingi ni vya hazina ya Mande. Anayesikiliza kwa makini atatambua mapema kwamba kwa sehemu kubwa ni gitaa linaloshikilia mzunguko na kora inayokwenda mbio. Muungwana ameketi kwenye kumbengo. Amekaa mahali pa mwanagenzi, mahali pa yule anayegonga kibuyu.

Kuna usomaji wa aina mbili ambao ni rahisi, na pengine ndiyo sababu unapendwa. Usomaji wa kwanza husema kwamba muziki ni wa wote, mipaka ya uzawa ni masalia ya ukabaila, na albamu hii ni ushahidi kwamba imebomoka. Usomaji wa pili husema kwamba kila mtu amebaki na chake: Ali alileta gitaa na Usonghai, Toumani alileta kora na Umande, kila mmoja akarudi nyumbani na mzigo wake. Usomaji wa kwanza hauwezi kueleza kwa nini tunaguswa. Kama mpaka haupo, kuuvuka si kitu. Usomaji wa pili unakanushwa na kipande kimoja tu, nacho ni "Kaira".

Kaira si wimbo wa kuokotwa njiani. Unahusishwa na vuguvugu la vijana la miaka ya 1940, wakati wa utawala wa Wafaransa, na jina la Sidiki Diabaté haliachani nao. Mwanawe alipotoa albamu yake ya kwanza aliipa jina hilo. Ni mali ya nyumba kwa maana iliyo karibu zaidi ya jadi: ni cha baba. Na katika albamu ya mwaka 2005, aliyeshikilia msingi wa wimbo huo, tena na tena, pasipo kuutikisa, ni mtu asiyekuwa wa nyumba hiyo, asiyekuwa jeli, asiyekuwa hata Mmande. Toumani amempa mgeni sakafu ya nyumba ya baba yake aishike, ili yeye apate kucheza juu yake.

Kulinganisha kunasaidia. Mwaka 1970 ilitoka albamu ya Cordes anciennes, ambapo Sidiki Diabaté alipiga kora pamoja na wakuu wenzake, akiwemo Djelimadi Sissoko. Mwaka 1999 watoto wa wawili hao, Toumani na Ballaké Sissoko, walitoa New Ancient Strings, kora mbili peke yake. Ni kazi nzuri kupita kiasi, na hakuna anayeuliza swali la haki anapoisikiliza. Wote wawili wanapiga kwa urithi. Wakipokezana kumbengo, wanapokezana kama ndugu wapokezanavyo zamu ya kuchunga. Tendo lao ni moja. Je, tendo la Ali na Toumani ni moja?

Hapa turudi katika chumba cha Soumaoro. Balafoni lile halikuwa la majeli. Lilikuwa la mfalme, naye alitambua tokea mbali kwamba limeguswa, akarudi kwa ghadhabu akiwa tayari kuua. Balla Fasséké hakukimbia wala hakukana. Aliendelea kupiga, na papo hapo akatunga sifa za mwenye chombo, akamtaja kwa jina na ukuu wake. Soumaoro, ambaye hakuwahi kusifiwa hivyo, alilainika; akamfanya jeli wake, na kwa kumnyang'anya Sundiata jeli aliyepewa na baba yake akalifanya suala la vita kuwa halikwepeki. Koo za Kouyaté hujihesabu kuwa wazao wa Balla Fasséké. Maana yake ni kwamba jadi ileile inayotuambia kwamba muziki ni haki ya kuzaliwa, inapoeleza asili yake yenyewe, inatusimulia juu ya mtu aliyegusa asichokuwa na haki nacho. Haki ilikuja baadaye, na ilikuja kwa njia ya kumkiri mwenye nacho, mbele yake, kwa gharama ya hatari.

Jibu langu kwa yule mwanafunzi, kwa kuchelewa, ni kwamba ule ulikuwa wizi hadi pale mwizi alipomtaja mwenye mali. Sisemi kwamba kukiri kunafuta kosa lolote; mtu anayeiba ng'ombe akiimba sifa za mwenye zizi angali mwizi. Lakini sauti si ng'ombe. Haipungui kwa mwenyewe inapochukuliwa na mwingine. Kinachoweza kupungua ni jina: kwamba kesho watu watasikia kitu hiki na wasijue kimetoka wapi. Hiyo ndiyo hasara ambayo mwenye jadi anaweza kuipata, na ndiyo hasara ambayo sifa huizuia.

Ali Farka Touré hakutunga sifa. Huko si kwake. Kusifu ni kazi ya jeli. Alikiri kwa njia iliyo wazi kwa muungwana, yaani kwa kukubali kukaa chini. Kushikilia kumbengo kwa dakika kadhaa, bila kuongeza pambo pale pambo linapowasha vidole, ni kusema kwamba wimbo huu una mwenyewe naye yupo hapa. Na Toumani alijibu kwa njia ya jeli. Kuna kipande katika albamu hiyo kiitwacho "Monsieur le Maire de Niafunké", Bwana Meya wa Niafunké. Huo ni utenzi wa sifa usiokuwa na maneno, uliotolewa kwa mtu mwenye cheo, kama majeli walivyofanya siku zote. Kwa hiyo mpangilio wa zamani haukubomolewa katika hoteli ile. Jeli alisifu, mkubwa alisifiwa. Ila mkubwa huyo alikuwa amekwisha kulipa si kwa ng'ombe wala kwa dhahabu bali kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, kazi ambayo desturi ingemzuia kuifanya.

Pana pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Mtaalamu wa muziki ataniambia kwamba ninaona maadili pasipo na lolote ila ufundi. Gitaa lina nyuzi sita na sauti nzito. Kora ina nyuzi 21 na sauti nyembamba inayong'aa. Ni kawaida gitaa likae chini. Isitoshe, mtindo wa Ali tangu zamani ni wa kurudiarudia mzunguko. Yote haya ni kweli. Lakini katika albamu zake mwenyewe mzunguko huo ulikuwa jukwaa la sauti yake. Aliuimbia juu, aliutawala, aliukatiza alipotaka. Hapa ameutoa jukwaa la mwingine. Kwamba chombo kilimwelekeza huko hakupunguzi kitu. Mlango uliokuwa wazi bado ni lazima mtu aupite, na magitaa mengi huko Mali na Guinea, hasa yale ya wana wa majeli kama Djelimady Tounkara wa Rail Band, yameonyesha kwamba gitaa linaweza kukimbia mbele kama kora yoyote.

Kuna soko pia. Albamu hizi zilitolewa na kampuni ya London, zilishinda tuzo ya Grammy, na wanunuzi wake wengi hawajui horon ni nani. Kwao majina mawili kwenye jalada ni nyota wawili. Soko huuza sauti na kuacha uhusiano. Sioni haja ya kulia sana juu ya hilo, lakini ni kazi ya uhakiki kuurudisha uhusiano huo, kama tunavyowaambia wanafunzi wetu wamtaje fanani na mahali pa utendaji kabla ya kuchambua ngano.

Kesi iliyo ngumu zaidi kwa hoja yangu ni ya Sona Jobarteh. Yeye ni mjukuu wa Amadu Bansang Jobarteh wa Gambia, mmoja wa wakuu wa kora wa karne ya 20. Kwa damu, haki yake haina shaka. Lakini kora ilikuwa ya wanaume; wanawake wa majeli waliimba, na baadhi yao ndio waliokuwa na sauti kuu ya jadi nzima, ila nyuzi hazikuwa zao. Yeye amezishika, na amezifanya kazi yake mbele ya ulimwengu. Basi amekiri kwa nani? Hakuna Soumaoro wa kumsifu. Mwenye chombo ni babu yake mwenyewe, ambaye ni wake. Ikiwa ninasema kwamba haki hupatikana kwa kumtaja mwenye nacho, je, ninamtaka binti aombe ruhusa nyumbani kwao, ilhali mgeni kutoka Niafunké alikaribishwa na kuwekewa kiti? Sitaki kulainisha jambo hili. Kinachoonekana ni kwamba desturi ya uzawa haikuwa ya uzawa mtupu hata siku moja. Ilimpa mwana kwa kuwa ni mwana na ikamnyima binti aliyezaliwa katika nyumba ileile. Anayeitetea kwa jina la damu anapaswa kueleza damu ya binti ilikwenda wapi. Mimi ninayeitetea kwa jina la kukiri ninapaswa kukubali kwamba mara nyingine deni la kukiri liko upande wa pili, kwamba ni jadi inayopaswa kumtaja yeye.

Ali na Toumani walikutana studio tena mwaka 2005, safari hii mjini London. Ali alikuwa mgonjwa wa saratani na mwenye maumivu. Alifariki Machi 2006, na kazi hiyo ilitoka mwaka 2010 kwa jina la Ali and Toumani. Miongoni mwa vipande vilivyomo ni "Sina Mory", wimbo wa Mande kutoka Guinea, unaosimuliwa kuwa ndio alioupiga Keita Fodéba siku ile ya mwaka 1956 mbele ya kijana wa Niafunké. Kwa nusu karne aliubeba wimbo ambao haukuwa wa kwao. Akiwa hana muda, aliupeleka mbele ya jeli na kuupiga naye, gitaa likizunguka chini, kora ikipanda na kushuka juu yake, na hakuna anayeharakisha.